Majina Yasipotee: Tutunze Makaburi na Minara ya Mashujaa

Ulipoanza masomo ya watu wazima, huenda neno la kwanza ulilojifunza kuandika lilikuwa jina lako. Ulishika kalamu ukaandika herufi moja moja. Kabla ya siku hiyo ulikuwa ukitia dole gumba. Tangu siku hiyo unaandika jina lako mwenyewe, na mtu mwingine anaweza kulisoma hata kama hakujui.

Jina ni kitu kikubwa. Mtu akifa, nguo zake huchakaa na nyumba yake huanguka. Jina linaweza kubaki, lakini halibaki lenyewe. Hubaki likiwa na watu wa kulitaja, au likiwa limeandikwa mahali panapotunzwa.

Somo hili linahusu majina ya watu waliokufa vitani kwa ajili ya nchi yetu. Linahusu pia makaburi na minara iliyojengwa ili tuwakumbuke. Mwishoni utaona kazi ambayo kijiji chochote cha Handeni au Korogwe kinaweza kuifanya. Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua kusoma na kuandika. Sasa wewe ni mmoja wao.

1. Vita vya Kagera

Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin, mtawala wa Uganda wa wakati ule, waliivamia nchi yetu. Waliingia katika mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi, ambao sasa unaitwa Kagera. Waliteka eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, lenye ukubwa wa kama kilometa za mraba 1,800. Waliua watu, walichoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Walilivunja daraja la Kyaka. Maelfu ya wananchi walikimbia makwao. Kisha Idi Amin akatangaza kwamba eneo hilo limekuwa la Uganda.

Mwanzoni mwa Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa. Alisema kwamba sababu ya kumpiga mvamizi tunayo, nia tunayo na uwezo tunao.

Jeshi letu lilikuwa dogo wakati ule. Lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Kwa hiyo wananchi waliitwa. Waziri Mkuu, Edward Sokoine, aliwaagiza viongozi wa mikoa wakusanye watu na vifaa. Mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliongezwa jeshini. Mabasi na malori ya watu binafsi yalichukuliwa yakabeba askari na chakula. Katika miezi michache jeshi lilipita watu 100,000.

Mwezi Januari 1979 jeshi letu lilivuka mpaka pale Mutukula. Mwezi Februari liliiteka miji ya Masaka na Mbarara. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa askari wetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao. Mapigano yalikwisha mwanzoni mwa Juni 1979.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya neno mgambo. Mgambo hakuwa askari wa kazi. Alikuwa mkulima, au mkata mkonge, au fundi, au karani. Alijifunza gwaride na shabaha saa za jioni. Alipoitwa aliacha jembe lake shambani. Wengi walirudi wakalishika tena. Wengine hawakurudi.

2. Walikozikwa

Askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera walizikwa Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Hapo pana makaburi yaliyopangwa kwa mistari, na mnara mweupe ulioandikwa majina ya waliokufa. Jeshi la Wananchi ndilo linalopatunza. Tarehe 25 Julai 2013 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika huko.

Pale Kyaka, karibu na mto, yapo magofu ya kanisa lililovunjwa na mabomu ya vita hivyo. Mtu akipita anaona alichokipata mwananchi wa kawaida aliyekuwa nyumbani kwake.

Kusini mwa nchi, Naliendele katika Mkoa wa Mtwara, wamezikwa askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji. Tena Mazimbu, Morogoro, yapo makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Watu hao walikimbia utawala wa makaburu, nasi tukawapa ardhi ya kujenga shule. Shule hiyo iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa nchi yetu, na sasa hapo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa linaadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka kwenye mnara mkuki na ngao, silaha nyingine za jadi, na mashada ya maua.

Hayo yote ni mazuri. Lakini hebu tazama umbali. Kutoka Handeni au Korogwe mpaka Kaboya ni safari ya kuvuka nchi nzima. Nauli yake ni kubwa. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kijijini ambaye kijana wake alikwenda vitani asirudi. Mama huyo aliletewa habari. Hakuletewa mwili. Hakuliona kaburi. Akitaka kuweka ua, aliweke wapi? Akitaka kumwonyesha mjukuu jina la baba yake mkubwa, amwonyeshe wapi?

Ndiyo sababu tunasema kwamba mnara wa taifa hautoshi peke yake. Jina la mtu liwepo pia nyumbani kwao.

3. Mambo yaliyotokea hapa hapa mwaka 1916

Labda utasema, "Sisi tunawakumbuka watu wetu vichwani. Kuandika kwa nini?" Ili kujibu swali hilo, tutazame vita vya zamani zaidi, vilivyopita katika ardhi hii tunayoilima.

Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Mwezi Juni 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yaliteremka kwa kufuata Mto Pangani. Yaliichukua Korogwe. Siku chache baadaye yaliichukua Handeni. Kisha yakaendelea kusini.

Majeshi hayo hayakuwa na malori ya kutosha. Barabara zilikuwa mbaya, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walifanywa wapagazi, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walibeba risasi, unga na wagonjwa. Makumi ya maelfu walikufa. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa, siyo risasi.

Vita vilipokwisha, askari wa Kizungu walitafutwa makaburi yao. Majina yao yaliandikwa kwenye mawe. Wapagazi hawakufanyiwa hivyo. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam sanamu ya askari wa Kiafrika. Inawasifu askari na wapagazi wote kwa pamoja. Haina jina la mtu hata mmoja.

Dar es Salaam pana soko linaloitwa Kariakoo. Neno hilo lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa sababu kambi yao ilikuwa hapo. Jina la kikosi limebaki, na watu wanalitaja kila siku wanaponunua nyanya na vitambaa. Majina ya wapagazi wenyewe yamepotea.

Mwaka 2021 tume ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ya uchunguzi. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Ilisema idadi hiyo huenda inafika 350,000. Tume iliomba radhi.

Kuomba radhi ni jambo jema, ila majina hayarudi kwa kuomba radhi. Waliowajua wapagazi wale wamekwisha kufa. Babu aliyewakumbuka kichwani alikwenda na kichwa chake.

Sasa piga hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Toa 1958 katika mwaka huu. Utapata umri wake leo. Mama aliyemzaa ni mzee zaidi, kama bado yupo. Hesabu hiyo inakuonyesha kwamba muda uliobaki si mrefu.

4. Kwa nini minara huharibika

Minara mingi ya nchi yetu ilijengwa katika miaka ya Azimio la Arusha na baada yake. Mingine ni ya vita, mingine ni ya Mwenge wa Uhuru. Mingi ni ya saruji yenye nondo ndani, imepakwa rangi au chokaa. Siku ya kufunguliwa watu walicheza ngoma. Baadaye nyasi ziliota, rangi ilibanduka, na mbuzi wakapata mahali pa kulala.

Mnara huharibiwa na mambo manne.

La kwanza ni maji. Maji huingia kwenye ufa mdogo na kuifikia nondo. Nondo hushika kutu. Chuma chenye kutu huvimba. Kikivimba huipasua saruji kutoka ndani. Ufa ukiwa mkubwa, maji huingia zaidi. Kwa hiyo ufa mdogo uzibwe mapema.

La pili ni miti. Ndege hula tunda la mkuyu na kuacha mbegu juu ya mnara. Mbegu huota kwenye ufa, na mizizi hupanua ufa huo. Mche ukiwa mdogo ung'oe kwa mkono. Ukiwa umekuwa mkubwa usiuvute, maana utabomoka na ukuta. Ukate, kisha mwite fundi.

La tatu ni wizi. Vibao vya shaba na vyuma vya uzio huuzwa kama vyuma chakavu. Mwizi hupata fedha ya siku moja. Kijiji kinapoteza majina kwa miaka yote.

La nne ndilo kubwa. Ni kusema, "Mnara huu si wangu, ni wa Serikali." Mtu akisema hivyo, hata akimwona mwizi hapigi kelele.

5. Habari kutoka nchi nyingine

Jambo hili si letu peke yetu. Zamani palikuwa na nchi ya Ulaya iliyoitwa Yugoslavia, iliyofuata siasa ya ujamaa. Watu wake wengi walikufa katika Vita Kuu ya Pili wakipigana na majeshi ya Wajerumani na Waitalia. Baada ya vita, nchi hiyo ilijenga minara mikubwa ya kuwakumbuka.

Miaka ya 1990 Yugoslavia ilivunjika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mahali paitwapo Petrova Gora palikuwa na mnara mrefu uliofunguliwa mwaka 1981, uliofunikwa mabati ya chuma kisichoshika kutu. Baada ya vita mabati hayo yalibanduliwa na kuchukuliwa. Mnara ukabaki kama mtu aliyevuliwa nguo.

Katika mji wa Mostar pana makaburi ya wapiganaji yaliyofunguliwa mwaka 1965. Wapiganaji waliwekewa mawe yenye majina yao. Mahali hapo paliachwa, pakaota vichaka, pakatupwa taka. Wakazi walijitolea kupasafisha mara kwa mara. Mwezi Juni 2022 watu wasiotaka kumbukumbu hiyo waliingia wakavunja mamia ya mawe yenye majina.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mnara unaotegemea Serikali peke yake unaweza kuanguka mambo ya Serikali yakibadilika. Pili, jiwe linaweza kuvunjwa. Kwa hiyo majina yaandikwe pia mahali pengine, mahali zaidi ya pamoja. Daftari ni dogo kuliko mnara, lakini unaweza kuliandika mara tatu na kuliweka katika nyumba tatu.

6. Kijiji kianzeje kazi

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mpango. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Pelekeni jambo hili kwenye mkutano wa kijiji. Mwambieni mwenyekiti na mtendaji waliweke katika ajenda. Wananchi wakikubali, chagueni kamati ndogo ya watu watano au saba. Wawemo wazee na vijana, wanawake na wanaume. Kama yupo aliyekwenda vitani akarudi, awemo. Awemo pia mtu anayeandika vizuri, ambaye anaweza kutoka katika darasa lenu.

Hatua ya pili: Jueni mahali ni pa nani. Makaburi ya Jeshi yako chini ya Jeshi. Mnara wa mjini unaweza kuwa chini ya halmashauri. Kaburi la nyumbani ni la ukoo. Msiguse kitu bila ruhusa ya mwenyewe. Muulizeni afisa utamaduni wa wilaya. Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na mahali palipolindwa na sheria hiyo hapafai kubadilishwa bila idhini.

Hatua ya tatu: Andikeni hali ya mahali kabla ya kugusa chochote. Pimeni urefu na upana. Chorani ramani ndogo. Kama kuna mwenye simu ya kupiga picha, apige pande zote nne. Nakilini kila neno lililoandikwa, hata kama herufi zimefutika nusu.

Herufi zikiwa hazionekani vizuri, fanyeni hivi. Wekeni karatasi nyeupe juu ya maandishi yaliyochongwa. Mmoja aishike isitikisike. Mwingine asugue polepole juu ya karatasi kwa penseli iliyolazwa ubavu. Herufi zilizochongwa zitatokea kwenye karatasi. Ni jambo la kupendeza kuona jina likitokea hivyo.

Hatua ya nne: Fanyeni msaragambo. Fyekeni nyasi na kuondoa taka. Chimbeni mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Pandeni ua wa kuzuia mifugo, lakini miti mikubwa iwe mbali na mnara. Wagawieni vitongoji zamu ya usafi, kila kimoja mwezi wake.

Hatua ya tano: Osheni taratibu. Tumieni maji safi na kitambaa, au brashi laini. Msitumie brashi ya waya, mchanga wala tindikali. Vitu hivyo vinang'arisha leo na kula herufi kesho. Jiwe la marumaru lisipakwe rangi. Mnara wa saruji uliokuwa na chokaa unaweza kupakwa chokaa tena, mkisharuhusiwa, na mkisha nakili maandishi yote.

Hatua ya sita: Wekeni sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Baada ya kujadiliwa na mkutano wa kijiji, hupelekwa halmashauri ya wilaya ikubaliwe. Kijiji kinaweza kukataza kuchunga, kutupa taka na kung'oa vyuma mahali pa kumbukumbu.

Onyo moja. Mahali popote mkikuta chuma kinachofanana na bomu au risasi ya zamani, msikiguse wala msikichome moto. Wekeni alama kwa mbali, wazuieni watoto, mwambieni polisi mara moja.

7. Daftari la majina

Huenda kijiji chako hakina mnara wowote. Basi anza na daftari. Daftari ndilo ukumbusho wa kwanza.

Nunueni daftari lenye jalada gumu. Kila mtu apewe ukurasa wake. Andikeni kwa wino. Katika kila ukurasa andikeni mambo haya:

Jina lake lote, kama ndugu zake walivyolitaja.
Jina la baba na jina la mama.
Kijiji na kitongoji alikozaliwa.
Mwaka wa kuzaliwa, kama unajulikana.
Kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya vita.
Mwaka aliokwenda vitani, na mahali alikoondokea.
Alirudi au hakurudi. Kama hakurudi, habari ilifikaje nyumbani.
Alikozikwa, kama panajulikana.
Jina la aliyetoa habari, na tarehe.
Jina la mwandishi.

Ukienda kuuliza, nenda kwa adabu. Mtu anaweza kuwa na machungu ya miaka mingi. Usimfikie kama karani wa kodi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Hodi."
"Karibu."
"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za huko?"
"Njema, bibi. Nimetumwa na kamati ya kijiji. Tunaandika majina ya vijana waliokwenda vita vya Kagera. Tumeambiwa wewe una mwana aliyekwenda."
"Ninaye. Lakini miaka mingi imepita. Mnamtakia nini?"
"Tunataka jina lake liandikwe, bibi, lisipotee. Ukipenda kusema tutasikiliza. Ukichoka leo, tutarudi siku nyingine."

Ukimaliza kuandika, soma kwa sauti yote uliyoyaandika. Mwache bibi asahihishe. Jina likikosewa herufi moja linaweza kuwa jina la mtu mwingine. Kama ana barua au picha ya zamani, usiichukue. Inakili pale pale na kumrudishia.

Likimalizika, nakilini daftari mara mbili. Moja likae ofisi ya kijiji, moja shuleni, na moja lipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya. Mchwa akila moja, mengine yatabaki.

8. Mambo yanayoleta ubishi

Kazi hii inaweza kuleta ubishi. Ni vizuri kuyazungumza mapema.

Mtu mmoja atasema, "Fulani hakuuawa na adui. Alikufa kwa lori kupinduka. Si shujaa." Jibu lake ni hili. Waandishi waliofuatana na jeshi letu katika vita vile waliandika kwamba wengi wa askari wetu waliokufa hawakufa katika mapigano. Walikufa kwa ajali na magonjwa. Mtu huyo asingekuwa juu ya lori lile kama asingeitikia mwito. Aandikwe. Andikeni kweli kwamba alikufa kwa ajali. Kweli haimpunguzii kitu.

Mwingine atasema, "Tuandike waliokufa tu." Lakini wapo waliorudi bila mguu, au waliorudi wazima wakakosa usingizi miaka yote. Wapo wake waliobaki na watoto wadogo na shamba. Wekeni sehemu ya pili ya daftari kwa ajili yao. Wakiwa hai wataeleza wenyewe. Wakifa, wengine watakisia tu.

Mwingine atataka jina la ukoo wake liwekwe juu, au jina la aliyetoa mchango mkubwa. Kataeni. Pangeni majina kwa alfabeti. A itangulie B, tajiri na maskini sawa.

Mwingine atauliza, "Mbona tusingojee Serikali ijenge?" Ombeni Serikali, ni haki yenu. Lakini Serikali ikija itauliza, "Majina yako wapi?" Mwenye kujua majina ni kijiji.

9. Tarehe 25 Julai kijijini

Daftari likiwa tayari, jipangieni siku. Tarehe 25 Julai ni siku nzuri, kwa sababu nchi nzima inakumbuka. Kusanyikeni shuleni au ofisi ya kijiji. Shehe na mchungaji waombe dua na sala. Kisha mwanafunzi wa darasa la watu wazima asimame asome majina, moja baada ya jingine, polepole. Ndugu wa kila aliyetajwa asimame anaposikia jina.

Mkipata mawe na saruji, jengeni nguzo ndogo. Isiwe ndefu. Majina yachongwe, yasipakwe rangi tu, maana rangi hufutika. Kabla fundi hajaanza kuchonga, mwiteni bibi yule wa mfano wetu, na wengine kama yeye. Wasomewe kila herufi.

Ndugu msomaji, wapagazi waliopita Korogwe na Handeni mwaka 1916 hawakuwa na mtu wa kuwaandikia. Wengi wa waliobaki vijijini walikuwa hawajafundishwa kusoma. Wewe umefundishwa. Kalamu iliyoandika jina lako siku ile ya kwanza inaweza kuandika jina la mtu asiyeweza tena kujiandika. Usingoje mwakani. Wazee wetu hawangoji.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, katika kijiji chenu yupo mtu aliyekwenda vita vya Kagera? Ni nani anayejua habari zake?
2. Kwa nini majina ya wapagazi wa mwaka 1916 yalipotea?
3. Eleza jinsi maji yanavyoweza kuupasua mnara wa saruji.
4. Kwa nini ni vibaya kusugua maandishi kwa brashi ya waya?
5. Daftari la majina liwekwe mahali pangapi? Kwa nini?
6. Zoezi: Chukua karatasi. Andika jina la mtu mmoja wa ukoo wako aliyekwisha kufa, jina la baba yake na mama yake, na kijiji alikozaliwa. Msomee mtu wa nyumbani kwako. Muulize kama umeandika sawa.